Siku watu wa Lavongai walipomtaja Johnson

Nimekaa nyuma ya meza ya kituo cha kura mara tatu maishani. Kazi yangu ilikuwa kutafuta jina kwenye daftari, kulipiga mstari, kisha kumwelekeza mtu kwenye kituturi. Mara ya pili alikuja mzee mmoja asiyejua kusoma, peke yake, hana wa kumsaidia. Akaniinamia sikioni na kuanza kunitajia mtu anayemtaka. Nilimkatiza kabla hajamaliza, maana utaratibu wetu haukumruhusu karani kusikia. Tulimpata jirani yake kwenye foleni, akapiga kura, akaondoka. Lakini alipofika mlangoni aligeuka akanitazama, na mtazamo ule sijausahau. Alikuwa amekuja na jina mdomoni tangu nyumbani, nami nikamrudishia kooni.

Kwa ajili ya mzee yule nilianza kusoma habari za nchi ambazo watu walipiga kura kwa kunong'ona. Ndivyo nilivyofika kwenye kisiwa cha Lavongai, Februari 1964, na tangu hapo sijatoka.

Lavongai iko katika Bahari ya Pasifiki, magharibi ya mji wa Kavieng, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Papua Guinea Mpya. Kwenye ramani nyingi utaikuta kwa jina la kizungu, New Hanover. Mwaka ule Australia ilitawala nchi mbili kama moja. Kusini palikuwa na Papua, iliyohesabiwa kuwa mali ya Australia yenyewe. Kaskazini palikuwa na Guinea Mpya, koloni la Mjerumani hadi 1914, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Lavongai ni ya upande huo wa udhamini. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Kabla ya 1964 hapakuwa na bunge la kuitwa bunge. Palikuwa na Baraza la Kutunga Sheria lililoanza 1951, wajumbe 29. Waliochaguliwa kwa kura walikuwa 3 tu, na waliowachagua walikuwa Wazungu. Wenyeji wachache waliokuwamo waliteuliwa. Mwaka 1961 baraza likapanuliwa kidogo, wenyeji wakapata viti vya kuchaguliwa, lakini si kwa kura ya kila mtu. Mwaka 1962 ukapita ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukiongozwa na Hugh Foot, ukasema nchi inahitaji bunge la watu wapatao 100 waliochaguliwa na wananchi. Serikali ya Australia, ambayo waziri wake Paul Hasluck alishikilia mwendo wa polepole, haikufika 100. Bunge lililokuja lilikuwa na watu 64.

Katika hao 64, viti 44 vilikuwa wazi kwa mgombea yeyote. Viti 10 vilitengwa kwa wagombea wasio wenyeji, ingawa waliowapigia kura ni watu wote. Viti 10 vilivyobaki vilikaliwa na maofisa wa serikali walioteuliwa. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza kila mtu mzima aliyeandikishwa, mwanamke kwa mwanamume, mweusi kwa mweupe, alikuwa na kura kwenye daftari moja. Daftari hilo lilipita majina milioni moja.

Mimi ambaye nimesumbuka na daftari la mtaa mmoja najua kazi hiyo ilivyo, na huko waliifanya katika nchi yenye lugha zaidi ya 800, yenye milima ambayo barabara haijaipanda. Upigaji kura wenyewe ulianza tarehe 15 Februari ukaisha tarehe 18 Machi, kwa sababu timu zilikuwa zikihama kijiji hadi kijiji kwa miguu, kwa mitumbwi, kwa mashua, kwa ndege ndogo.

Na wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Hapo ndipo kura ya kunong'ona ilipoingia. Mtu alifika mezani, akamsogelea ofisa, akamwambia kwa sauti ya chini anayemtaka, na ofisa akamwandikia kwenye karatasi. Ofisa huyo mara nyingi alikuwa kiap.

Kiap ni neno la Tok Pisin, lugha ya mawasiliano ya nchi ile, limetokana na neno la Kijerumani la nahodha. Babu zetu wangemwita bwana shauri. Yeye ndiye aliyehesabu watu, ndiye hakimu, ndiye mkuu wa polisi wa eneo, ndiye aliyekuja kuuliza kwa nini njia haijafyekwa. Chini yake vijijini palikuwa na luluai, ambaye kazi yake ingetambuliwa mara moja na yeyote aliyesimuliwa habari za majumbe wa Mjerumani. Sasa mfikirie mwanakijiji. Mtu yuleyule aliyemhukumu mwezi uliopita leo ameketi na kalamu, anamwambia: ninong'oneze, ni siri yako. Na kama lugha zao hazikukutana, mkalimani alisimama katikati, kwa hiyo siri ikawa ya watatu.

Nasema haya bila kuwadharau maofisa wale. Wengi walikuwa vijana waliotembea siku nyingi kwenye matope ili mwanamke mmoja kule mlimani apate kura yake, na kwa hilo nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini meza ni meza. Nimekaa nyuma yake, najua anayeketi na anayesimama hawako sawa, hata wakipendana.

Basi timu ikafika Lavongai. Watu wakakusanyika, wakaelezwa utaratibu na majina ya wagombea. Wakajibu kwamba wamemchagua mtu wao: Johnson wa Amerika.

Ndiye huyo unayemfikiria. Lyndon Johnson, aliyeshika urais wa Marekani tarehe 22 Novemba 1963 Kennedy alipouawa. Hata miezi mitatu ilikuwa haijatimia. Maofisa wakawaeleza kwamba Johnson si mgombea, hayumo kwenye orodha, haiwezekani. Watu wakasema wamesikia, ila wao wanamtaka Johnson. Si kisiwa kizima. Wapo waliopiga kura kama walivyoelekezwa, na ndani ya vijiji jambo hilo liligawa watu. Lakini waliomtaka Johnson walikuwa wengi mno kuweza kupuuzwa, na hawakuishia kwenye meza ya kura. Walichanga fedha zao ili Johnson aletwe. Wakakataa kulipa kodi ya halmashauri kwa serikali ya Australia. Serikali ikapeleka polisi. Watu wakakamatwa, wakafungwa, wakatoka, na wengine wakakataa kodi tena.

Mara ya kwanza nilipoisoma habari hii iliandikwa kama kichekesho. Washenzi wa kisiwani wamempigia kura rais wa nchi ya mbali, ha ha. Nilifunga kompyuta kwa hasira. Kuna jina ambalo Wazungu waliyapa mambo ya namna hii, cargo cult, wakilitoa kwenye neno kago la Tok Pisin, yaani shehena, mali inayoshushwa melini. Kwa jina hilo, kila kitu ambacho watu wa visiwa vile walikitaka kwa nguvu kiligeuzwa kuwa ushirikina wa watu wanaongoja bidhaa zishuke toka mbinguni. Ukishampa mtu jina hilo huna haja tena ya kumsikiliza anasema nini.

Mimi nataka tuwasikilize, hatua kwa hatua, kama tunavyomsikiliza mtu mwenye akili timamu.

Chukua mzee wa Lavongai mwenye miaka 80 mwaka ule wa 1964. Alizaliwa mwaka uleule Mjerumani alipopandisha bendera yake katika visiwa hivyo. Hakuulizwa mtu. Mwaka 1914 Waaustralia wakamtoa Mjerumani. Hakuulizwa mtu. Januari 1942 Wajapani wakaichukua Kavieng. Hakuulizwa mtu. Mwaka 1945 Mjapani akasalimu amri na Mwaustralia akarudi. Hapo pia hakuulizwa mtu. Ndani ya maisha ya binadamu mmoja, watawala wamebadilishwa mara nne, na kila mara alilala chini ya mmoja akaamka chini ya mwingine. Sasa ghafla anakuja kiap na sanduku, anasema: safari hii wewe ndiye unayechagua atakayekuongoza, chagua umtakaye.

Akachagua.

Kosa lake liko wapi? Aliyebadilisha maana ya maneno ni nani, yeye au aliyemwambia chagua umtakaye halafu akamkabidhi orodha? Kwa mtu aliyeona watawala wakija na kuondoka kama meli za nazi kavu, kubadilisha mtawala ndilo jambo la kawaida kuliko yote. Jipya lilikuwa moja tu, kwamba safari hii mwenye kubadilisha ni yeye. Halafu kumbuka nilichokuomba ukishike. Ile ilikuwa nchi ya udhamini. Australia haikuwa mwenye mali pale. Ilikuwa mdhamini, imekabidhiwa na Umoja wa Mataifa, yenye wajibu wa kuwaandaa watu kujitawala au kuwa huru. Mtu anayesema mdhamini huyu simtaki, nipeni mwingine, anasema jambo linaloeleweka kabisa. Mkaguzi wa Umoja wa Mataifa angelielewa.

Na kwa nini Mmarekani? Hapo pia walikuwa na sababu zao. Mwaka 1944 Wamarekani waliteremka kisiwa cha Emirau, jirani yao wa kaskazini, wakajenga viwanja vya ndege. Kule Manus, upande wa magharibi, walijenga kambi kubwa kuliko kitu chochote kilichowahi kuonekana katika bahari ile. Watu wa visiwa waliona askari weusi na weupe wamevaa sare moja. Walikula nao. Kisha 1963, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kikosi cha wapima ramani wa jeshi la Marekani kikafanya kazi Lavongai kwenyewe, kikaishi na watu, kikaondoka. Kwa hiyo walikuwa wamewapima Wamarekani kwa macho yao, na Waaustralia wamewapima kwa miaka karibu 50. Upande mmoja waliona watu waliokaa nao. Upande wa pili waliona kodi, na maendeleo yaliyokuwa yakiahidiwa tu. Sisemi Wamarekani wangekuwa watawala wema. Nina shaka kubwa, na Wamarekani wenyewe walikuwa na visiwa vyao vya udhamini kaskazini zaidi ambako wakazi walikuwa na malalamiko mazito. Lakini mpiga kura hupima kwa alichokiona, na wao walipima kwa uangalifu kuliko wapiga kura wengi niliowahi kuwaandikia namba.

Dorothy Billings, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekwenda kuwasikiliza watu hao kwa miaka mingi, aliieleza ile kuwa maigizo ya kisiasa, njia ya kumwaibisha mtawala hadharani. Namheshimu kwa kuwa alikwenda akaketi nao. Ila sijui kama neno maigizo linanitosha. Mtu haendi jela kwa ajili ya igizo, akatoka, akarudi jela. Nadhani walimaanisha walichosema.

Lakini nisiwaonee wale wengine, zaidi ya nusu ya milioni, waliolikubali sanduku na orodha yake. Nao hawakudanganywa. Matokeo yenyewe yanaonyesha. Katika vile viti 44 vya wazi, wenyeji walishinda 38. Manus, yaani kisiwa kilekile cha kambi ya Wamarekani, walimchagua Paliau Maloat, ambaye serikali ya Australia iliwahi kumfunga kwa ajili ya vuguvugu lake la kubadilisha maisha ya watu. Ofisa aliyeandika jina hilo karatasini aliandika jina la mfungwa wa zamani wa serikali yake. Nikilifikiria tukio hilo, mnong'ono wa Manus na mnong'ono wa Lavongai naviona vimekaribiana sana. Tofauti ni kwamba huyu wa Manus alikuwamo kwenye orodha.

Na Bougainville walimchagua Paul Lapun. Huyu nitakaa naye kidogo, maana watu hupenda kusema lile bunge la kwanza lilikuwa pambo. Ni kweli kwamba maofisa 10 walikaa mle bila kuchaguliwa, na sheria ingeweza kuzuiwa kutoka Canberra, mji mkuu wa Australia. Ni kweli pia kwamba wabunge wengine walikaa vikao vizima wakitegemea wakalimani, kwa sababu mjadala ulikwenda kwa Kiingereza, Tok Pisin na Motu. Lakini shaba ilipogunduliwa Panguna, kwenye milima ya kwao, sheria ilisema madini ni mali ya serikali na mwenye ardhi hana fungu katika mrabaha. Lapun akasimama bungeni kudai fungu hilo. Serikali ilimpinga, akashindwa. Akarudi tena, na 1966 wabunge wenzake wakampa kura: asilimia 5 ya mrabaha iende kwa wenye ardhi.

Usije ukadhani ni fedha nyingi. Mrabaha wenyewe ulikuwa asilimia 1.25 ya thamani ya madini. Piga hesabu: katika kila dola 100 za shaba, serikali ilipata dola 1 na senti 25, na wenye ardhi, ambao mlima wao ungegeuzwa shimo, walipata senti 6 na robo. Nilipoikamilisha hesabu hiyo kwenye karatasi niliiangalia muda mrefu. Hata hizo senti 6, hakuna aliyewapa kwa hisani. Zilitoka kwa mtu mmoja aliyetumwa na watu walionong'ona jina lake mezani, akasema mara mbili ndani ya nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili ya kumsikiliza. Yaliyotokea Bougainville miaka ya baadaye, vita na vifo, yanatokana kwa sehemu kubwa na zile dola 99 na zaidi ambazo hazikuwafikia.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Uchaguzi wa 1968, wa 1972, serikali ya ndani tarehe 1 Desemba 1973, uhuru tarehe 16 Septemba 1975 chini ya waziri mkuu Michael Somare. Wale waliosema nchi ile ingehitaji vizazi kadhaa kujiandaa walikosea. Tangu mnong'ono wa kwanza hadi bendera ni miaka 11 na nusu.

Na Lavongai? Johnson hakuja. Miaka michache baada ya uchaguzi, kwa msaada wa padre Mkatoliki aliyekuwa Mmarekani, waliomtaka Johnson walianzisha ushirika wao. Waliuita Tutukuval Isukal, jina la lugha yao lenye maana ya kusimama pamoja na kupanda. Wakatoa ada, wakasafisha ardhi, wakapanda minazi. Fedha ambazo hawakutaka kumpa kiap, walijitoza wenyewe. Hilo ndilo linalonifanya nikasirike zaidi na wale walioandika kwamba hawa walikuwa wanangoja shehena idondoke. Mtu anayengoja vitu vidondoke hapandi mnazi, mti ambao utamngojesha miaka kadhaa kabla hajaona nazi ya kwanza.

Huwa najiuliza ningefanya nini ningekuwa nyuma ya meza ile mwezi ule wa Februari. Simdanganyi mtu: ningemwambia kwamba Johnson hayumo kwenye orodha. Kazi ya karani ndiyo hiyo, na kuandika jina lisilokuwamo kungeiharibu tu kura yake. Lakini vituo vyetu vilikuwa na kitabu cha matukio, kile tulichoandikia taa ilizimika saa ngapi na nani alizimia kwenye foleni. Ningekifungua. Ningeandika tarehe, jina la kijiji na saa, kisha ningemwandika mmoja mmoja, kwa mpangilio waliokuja mezani: amekuja, ameulizwa anamtaka nani, amejibu.